Kifungo cha Nne

Kifungo kile nilikishona mwenyewe, kwa haraka, kwa uzi usiolingana. Ilikuwa London, jioni ya wahakiki, na milango ya ukumbi ilikuwa imeshafunguliwa. Koti la mwigizaji wetu mkuu likakatika kifungo cha nne kutoka juu. Kikadunda, kikabiringika, kikapenya kwenye ufa wa mbao za jukwaa na kupotelea huko chini kwenye mitambo. Kopo la vifungo vya akiba lilikuwa ghorofa ya tatu, na ngazi za majumba yale ya zamani zilijengwa na mtu aliyewachukia watu wa mavazi. Nikakata kifungo kimoja cha sweta nililokuwa nimevaa, cha kijani kilichokolea kama jani la mwembe, nikakipachika. Koti lilikuwa la kahawia, vifungo vyake rangi ya pembe. Nikajiambia: kuanzia safu ya tano hakuna atakayeona, na kesho nitatafuta kinachofanana.

Usiku ule ule, katika wimbo wake wa sehemu ya pili, anaposimama peke yake akimsubiri mume ambaye ukumbi mzima unajua harudi, vidole vyake vikakutana na kifungo kigeni. Akaanza kukizungusha. Hakukusudia, mkono ulishtuka tu kugusa kitu usichokijua. Asubuhi mwongozaji akaja chumba cha mavazi, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, akasema kifungo kibaki hapo hapo. Kikabaki. Miezi kumi na minne baadaye kikavuka Atlantiki, na mimi nyuma yake.

Mimi ni mtoto wa Mombasa, Mji wa Kale. Bibi yangu alikuwa akishona kofia za viua, na kwetu nilivaa kastabini kabla ya kushika kalamu. London nilifika kwa ndoa. Ndoa ikaisha, sindano ikabaki. Nilianza kwa kufua na kupiga pasi mashati ya wacheza dansi, nikapanda kuwa mvishaji, yule anayesimama gizani pembeni ya jukwaa na nguo mikononi akingoja mtu atoke mbio, avuliwe, avishwe, arudishwe kwenye mwanga kabla ubeti haujaisha. Mwishowe nikawa msaidizi wa mbunifu wa mavazi. Mchezo ninaousimulia hapa sitautaja jina. Mkataba niliotia sahihi bado uko kabatini, na watu waliofanya kazi ile bado wanatafuta kazi nyingine.

Niseme tu kwamba ulikuwa mchezo wa nyimbo wa Kimarekani, wa zamani, ulioimbwa New York kabla sijazaliwa. Waingereza wakaufufua katika ukumbi mdogo wa London, watu wakaupenda, ukahamia West End, kwenye majumba makubwa ya maonyesho ya London, halafu watayarishaji wakaanza kunong'ona neno Broadway, yaani majumba makubwa ya New York. Njia hiyo ina nyayo nyingi. Pale Southwark, ng'ambo ya Mto Thames, kuna ukumbi uitwao Menier Chocolate Factory, kiwanda cha chokoleti cha zamani kweli, viti havifiki mia mbili. Humo ndimo mwaka 2013 The Color Purple ilipovuliwa mapambo yake na mwongozaji John Doyle, ikabaki na viti vya mbao na sauti za watu. Mwaka 2015 ikafika Broadway na mwigizaji Cynthia Erivo, na mwaka uliofuata yeye na mchezo wakabeba tuzo za Tony, zile kuu za Broadway. Humo humo, mwaka 2012, Maria Friedman alifufua Merrily We Roll Along, mchezo uliokufa Broadway mwaka 1981 baada ya maonyesho 16 tu. Huo ulichukua miaka 11 kurudi kwao, na uliporudi mwaka 2023 watu walipigania tiketi.

Nilipompigia mama simu kumweleza safari, alinyamaza kidogo.

"Yaani mnawapelekea Wamarekani nyimbo zao wenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Si kama kumpelekea Mwarabu tende?"

"Ndiyo, mama."

"Na watalipa?"

Nikamwambia inshallah. Sikumweleza kwamba mzigo wangu mkuu safarini ulikuwa kitu ambacho sisi wa kazi hii tunakiita Biblia. Ni jalada nene la mavazi yote ya mchezo: picha ya kila vazi mbele, nyuma na ndani kwenye bitana, kipande cha kila kitambaa, nani anavaa nini onyesho lipi, nini kifuliwe kwa maji baridi na nini kisiguswe na maji kabisa. Mwanamke wa Kiislamu wa Mombasa anaingia uwanja wa ndege na Biblia ya kilo nne kwapani. Afisa wa uhamiaji aliponiuliza nimebeba nini nilimjibu kwa jina hilo hilo kabla sijafikiri, ikanichukua dakika kumi kujinasua.

Kwa nini hatukupakia tu zile nguo za London tukaenda nazo? Watu huniuliza hivyo mpaka leo. Jukwaa unaweza kulipakia, ingawa nalo huchongwa upya mara nyingi. Nguo hazina maana bila miili, na miili haikusafiri. Chama cha waigizaji cha Marekani hulinda nafasi za watu wake, na mwigizaji wa Uingereza anayeruhusiwa kuja lazima kuwe na sababu nzito, kwa kawaida jina kubwa. Katika kundi letu la watu 26 walivuka wawili. Waliobaki wote walikuwa Wamarekani wapya, wenye mabega yao na viuno vyao. Hata namba za nguo zinasema lugha nyingine: gauni la saizi 12 ya London New York ni saizi 8. Ndiyo maana kila kitu kilishonwa upya, kwa kuitazama Biblia yangu, na mafundi ambao hawakuwahi kuuona mchezo.

Karakana ilikuwa kwenye ule mtaa wa washonaji wa Manhattan, si mbali na sanamu ya sindano kubwa inayopenya kifungo, pale Barabara ya Saba na Mtaa wa 39. Kutoka hapo unakwenda kwa miguu mpaka majumba ya maonyesho. Broadway, kwa wasioijua, ni kumbi 41 zenye viti 500 au zaidi, na nyingi haziko hata kwenye barabara yenye jina hilo. Zimejibanza kwenye mitaa ya pembeni kuzunguka Times Square. Nilipanda lifti ya mizigo nikiwa na matumaini na baridi ya Februari mwilini. Fundi mkataji akanipokea, mama mtu mzima mzaliwa wa Brooklyn, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo, chaki sikioni. Akanipeleka moja kwa moja kwenye makoti.

Yalikuwa matano kwenye fimbo. Mawili ya mwigizaji mkuu, matatu ya waigizaji wa akiba. Kahawia ile ile, mkato ule ule, bitana ya hariri ya bandia kama tulivyoandika. Na kwenye kila moja, kifungo cha nne kutoka juu, kijani kilichokolea kama jani la mwembe.

"Hiki kilitutoa jasho," akaniambia, akikigusa kwa kidole kama mtu anayegusa shavu la mjukuu. Walikitafuta wiki tatu kwenye maduka yote ya vifungo ya mtaa ule. Hakikupatikana. Wakaamua kukichongesha na kukitia rangi, na kiwanda hakikukubali kuchonga chini ya dazeni kumi na mbili. Vifungo 144. Vitano vimetumika.

Nikatazama makoti. Nikatazama Biblia mkononi mwangu, ambamo mimi mwenyewe nilipiga picha ile, nikaandika kwa mwandiko wangu mwenyewe kitambaa cha koti, uzito wake na jinsi ya kulisafisha, na juu ya kifungo sikuandika hata neno moja.

"Kazi safi sana," nikasema.

Nilinyamaza siku nne. Najua watu watakaosoma hapa watasema kifungo ni kifungo. Lakini ukishakaa kwenye kazi ya kunakili unaanza kuogopa kitu kimoja: ni mambo mangapi mengine kwenye lile jalada ni sweta langu? Nikalipitia usiku hotelini, ukurasa kwa ukurasa. Nikakuta kiraka kwenye kiwiko cha shati la mpiga kinanda; kiraka kile tulikitia kwa sababu kijana yule wa London alikuwa na tabia ya kuegemea kuta za chokaa. New York walikuwa wametia kiraka hicho hicho kwenye shati jipya, kwa mshono mzuri kuliko wetu. Nikakuta gauni ambalo upindo wake ulikuwa mfupi upande mmoja, kwa sababu mvaaji wa London aliwahi kuvunjika mguu na alikuwa akitembea kwa kuinamia kushoto. New York walikuwa wamekata gauni la binti mwenye miguu sawasawa, na upindo umelala upande. Kila jeraha letu lilikuwa limenakiliwa kwa uaminifu mkubwa na kwa bei kubwa, na hakuna aliyeuliza, kwa sababu vitu vilivyoshinda tuzo haviulizwi.

Ndipo nilipofanya kosa la pili. Asubuhi nikatoa sindano begani, ambako huichomeka siku zote, nikakaa chini kuufumua ule upindo. London ningeumaliza kabla chai haijapoa. Kijana mmoja wa mavazi akaja akachuchumaa mbele yangu, sauti ya chini kabisa: "Dada, naomba uiweke sindano chini." Pale Broadway wavishaji na washonaji wana chama chao, waseremala na mafundi umeme chao, watu wa nywele na vipodozi chao, wanamuziki chao. Mimi niliingia nchini kama msaidizi wa mbunifu. Naruhusiwa kuona, kusema na kuandika. Kushona ni mkate wa mtu mwingine. Masikio yaliniwaka. Nilikulia kwenye nyumba ambayo mtu akiona mshono umefumuka na sindano iko karibu, kutoshona ni utovu wa adabu. Lakini kijana yule alikuwa na bima ya matibabu na malipo ya uzeeni kutokana na sheria hiyo hiyo, na mimi London sikuwahi kuwa na hata kimoja cha kujivunia, basi nikaiweka sindano kwenye sahani, ikakaa hapo wiki sita.

Kuna mambo madogo hayakunijeruhi, yalinichekesha tu. Nilikuja na pasi yangu ya London, ile yenye plagi ya pini tatu kama za kwetu, nikainunulia adapta. London umeme ni volti 230, New York ni 120. Pasi ikapata joto la mtoto mwenye homa ndogo. Siku nyingine nikaomba kwa simu waniletee "vest" ya mpiga kinanda. Kwa Waingereza hiyo ni fulana ya ndani, ndivyo sisi tulivyorithi neno vesti. Akaniletea kizibao. Nikamwambia siyo hii, ni ile ya ndani; akarudi na kizibao kingine, chembamba zaidi. Watu wa jukwaa walikuwa na hadithi mbaya kuliko yangu: michoro ya London huchorwa moja kwa ishirini na tano, ya New York nusu inchi kwa futi, ambayo ni moja kwa ishirini na nne. Kwa macho ni kitu kimoja. Ukiusoma mchoro wa huyu kwa rula ya yule, katika mita 10 unapotea sentimita 40, na sentimita 40 ndizo mvishaji anazosimamia akiwa na gauni mikononi.

Halafu dakika. London, onyesho likiwa saa moja na nusu usiku, tangazo la "nusu saa" huitwa saa moja kasoro dakika tano. Yaani nusu saa ya Waingereza ni dakika 35, kwa kuwa waigizaji wa mwanzo huitwa kusimama mahali pao dakika tano kabla ya pazia. New York nusu saa ni nusu saa. Wiki nzima ya kwanza nilikuwa nikishtuka kwamba wamechelewa, nikizunguka korido kama kuku anayetaka kutaga.

Siku ya nne nikamwendea mbunifu wetu nikamwambia habari ya sweta. Alikuwa anakunywa kahawa kwenye kikombe cha karatasi. Akakiweka chini.

"Vifungo vingapi?"

"Mia moja arobaini na nne."

Akatazama dirishani muda mrefu. "Usimwambie mtayarishaji," akasema, akachukua kikombe chake.

Hiyo haikuwa shida yenyewe. Shida niliiona mchana wa mazoezi, nilipoitwa kutazama vazi likitembea. Mwigizaji mkuu mpya alikuwa hodari, niseme ukweli; sauti yake ilikuwa kubwa kuliko ya yule wa London na haikukwaruza hata juu kabisa. Msaidizi wa mwongozaji alikuwa amekuja na daftari lenye kila hatua ya onyesho la London. Wimbo ukafika pale. Akasema, kwa upole, "Kwenye neno hili, mkono wa kulia, kifungo cha nne, zungusha mara mbili." Dada wa watu akazungusha mara mbili. Akaimba vizuri. Akazungusha tena walipomwambia. Nikahisi tumbo linanivuta kama nimekula kitu kibovu, kwa sababu kile nilichokiona London kikitokea kwa mkono uliopotea, hapa kilikuwa kazi ya mikono.

Sikuwa na haki ya kusema. Kanuni haijaandikwa popote, ila mtu wa mavazi hampi mwigizaji mawaidha ya uigizaji. Lakini wakati wa kupima nguo mnabaki wawili, yeye juu ya kijisanduku mbele ya kioo, wewe magotini na pini mdomoni, na pale watu husema mambo. Akaniuliza: "Hiki kifungo, mimi ndiye nilikibadilisha au mume wangu?" Alikuwa amejitungia hadithi mbili kichwani na zote hazikumkaa. Nikatema pini mkononi nikamweleza: ufa wa mbao, ghorofa ya tatu, sweta. Alicheka mpaka akashika kioo. Halafu akaacha kucheka akakitazama kifungo, akasema tu, "Kumbe."

Kesho yake hakukigusa. Wala kesho kutwa. Mikono yake ikakaa mifukoni wimbo mzima, jambo ambalo London halikuwepo, na kwa macho yangu lilikuwa baya mwanzoni; mwanamke anayesubiri mume haweki mikono mifukoni kama kondakta wa matatu. Msaidizi wa mwongozaji akaandika noti. Akaandika tena. Wakabishana mlangoni, nikasikia jina la mwigizaji wa London likitajwa mara tatu, na yule dada akasema kwa sauti tulivu kwamba yeye si sanamu ya mtu. Mwongozaji alipofika kutoka London wiki iliyofuata, aliutazama wimbo bila kusema kitu, akauomba tena, akasema mikono ikae mifukoni mpaka ubeti wa mwisho, hapo autoe mmoja. Ukafanyika hivyo. Kifungo kikabaki kwenye koti, kijani, bila wa kukigusa wala kukieleza, na katika maonyesho yote niliyohudhuria sikumsikia mtazamaji hata mmoja akikiuliza.

Maonyesho ya majaribio yalipoanza nikajifunza kuhusu makofi. London mwigizaji mwenye jina akiingia, watu hunyamaza wasikie neno lake la kwanza. New York wanamshangilia kabla hajafungua mdomo. Usiku wa kwanza kiongozi wa bendi hakujua, muziki ukamkimbia, sentensi mbili zikazama kwenye vigelegele. Kesho yake wakaongeza mizunguko ya muziki ya kungojea. Vizuri kwa bendi. Lakini nyuma ya jukwaa kulikuwa na binti anayebadilisha mavazi kwa sekunde 38, aliyehesabiwa tangu London kwa kufuata ule muziki, na sasa sekunde zile zilikuwa mpira: siku wakishangilia sana ana dakika nzima, Jumatano mchana wazee wakichoka ana 38 zile zile. Wavishaji wakaacha kuhesabu muziki wakaanza kusikiliza ukumbi. Kwenye mbavu za gauni lile zipu iliondolewa ikawekwa vifungo vya kubonyeza, kazi ya usiku mmoja, na si mimi niliyeshona.

Na lafudhi. London kila mtu jukwaani alikuwa akiigiza Umarekani: sauti, mwendo, namna ya kushika kikombe. Kumbe mchezo wetu wote ulisimama juu ya hilo, na hatukujua. Mavazi yetu pia yalikuwa Marekani ya ndotoni, aproni za rangi za peremende. New York waigizaji walifungua midomo wakaongea tu, kama nyumbani, na ndoto ikaisha. Ukaona aproni ya peremende kwenye mwili wa mtu wa kweli. Yule mama wa Brooklyn ndiye aliyelisema. "Bibi yangu alivaa aproni kama hii," akasema, "ila alifungia mbele, maana nyuma hakufika." Tukafungia mbele. Rangi tukazichemsha kwenye maji ya chai mara mbili. Hicho ndicho kitu kizuri kuliko vyote nilivyofanya safari ile, na wazo halikuwa langu.

Tangu hapo kila mchezo unaovuka ninautazama kwa jicho la wivu na la kazi. Company ya mwongozaji Marianne Elliott niliiona ukumbi wa Gielgud, London, mwaka 2018. New York ilikuwa bado kwenye majaribio korona ilipofunga Broadway tarehe 12 Machi 2020, na haikuzinduliwa mpaka Desemba 2021, wiki mbili hivi baada ya mtunzi wake, Stephen Sondheim mwenyewe, kufariki. Nilichofikiria mimi ni nguo, zilizopimwa kwenye miili ya Machi na kuvaliwa na miili ya Novemba ya mwaka wa pili. Mtu wa mavazi yupi alilala usingizi?

Cabaret ya Rebecca Frecknall nimeiona pande zote mbili. Playhouse ya London waliigeuza klabu, viti vimezunguka jukwaa, havifiki mia sita. Mcheza dansi akanipita karibu nikaona jasho la shingo na uzi uliofumuka kwenye soksi yake. Ikachukua tuzo saba za Olivier, zile kuu za London, mwaka 2022. New York mwaka 2024 wakaubomoa na kuujenga upya ndani ya August Wilson Theatre kwa fedha zaidi ya dola milioni 20, viti zaidi ya elfu moja, na tuzo ya Tony ikaja moja tu, ya jukwaa la Tom Scutt. Nilikaa juu nyuma. Niliona kundi zuri la watu. Uzi sikuuona. Sisemi walikosea; nyumba ndogo haiwezi kulipa gharama za New York, hesabu yenyewe inagoma. Nasema tu nilikosa uzi.

Waliolitatua vizuri kuliko wote ni wale wa Sunset Boulevard ya Jamie Lloyd. Kuna mahali mwigizaji Tom Francis anatoka ukumbini akiimba barabarani, kamera inamfuata, nasi tumekaa ndani tunamwona kwenye skrini kubwa. London ilikuwa njia ya kando ya ukumbi wa Savoy. Mtaa huwezi kuupakia kwenye kontena, na kwa hiyo New York alitembea Mtaa wa 44, na taksi zake na watalii wake wanaotumbua macho. Hawakuwa na la kunakili. Wangefanya nini, wachore mvua ya London kwenye lami?

Mchezo wetu haukupata Tony. Kule Broadway mapato ya kila mchezo hutangazwa kila wiki, hadharani, jambo ambalo London halifanyiki, na chumba cha mavazi huzisoma namba zile kabla ya mtu yeyote. Mwezi Juni mvishaji mmoja alizitazama kwenye simu, akaenda akaghairi viatu vya shule alivyomwagizia mwanawe. Wiki ya pili tangazo likabandikwa. Agosti tukafunga.

Mama wa Brooklyn aliniaga kwa bahasha yenye vifungo vilivyobaki, sio vyote, kama arobaini hivi. Nilimwambia habari ya sweta siku hiyo, sikuweza kuondoka na uongo ule. Alivua miwani. Hakukasirika, aliuliza uzi niliotumia ulikuwa rangi gani, nilipomjibu mweusi akasikitika kwa kichwa kama daktari.

Vimo kwenye kopo la biskuti juu ya kabati langu. Sweta bado ninalo, na bado lina tundu moja lisilo na kifungo. Niliporudi London nilikaa na sindano nikashona kimoja kati ya vile arobaini mahali pake, nikajaribu kufunga. Hakikuingia. Changu cha zamani kilikuwa milimita 18. Wao walikichonga kwa robo tatu ya inchi, ambayo ni 19.